Kijiji Kisichopata Habari

Fundi cherehani hakuwahi kuiona bahari mpaka mwaka aliomzika mwanawe wa mwisho. Kabla ya hapo aliijua kwa kusikia tu, tena kwa simu. Binti yake alikuwa amepata kazi ya kufundisha chekechea kisiwani, na jioni alizoea kumpigia akiwa ufukweni. Badala ya kusalimia, aliinyoosha simu kuelekea majini.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Inakoroma kama marehemu baba yako."

Wakacheka wote wawili, mmoja miguu yake majini, mwingine mguu wake juu ya kanyagio la cherehani, mbali kabisa huko bara.

Binti huyo alikuwa kitindamimba, aliyekuja duniani wakati mama ameshagawa nguo zote za kitoto kwa majirani. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana kama ya mama yake, na cheko la kuamsha mtaa mzima. Alikwenda kisiwani kwa mkataba mfupi. Mkataba ukaisha, akatia saini mwingine, na mwingine tena, hata mama akaacha kumuuliza atarudi lini. Kilichomshika kule kilikuwa mawimbi. Alikuwa amejifunza kuyapanda kwa ubao, anasimama wima juu ya maji yanayokimbia kama mtu aliyesimama kibarazani kwake. Aliyemfundisha ni kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza mbao hizo, kazi yake kuziba nyufa kwa faiba na gundi kisha kuzisugua mpaka ziwe laini kama yai. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila kipande cha msasa mkononi au mfukoni, watu wote walimwita Msasa. Wawili hao walikuwa wameshakubaliana kuoana.

Kifo chake hakikuwa na dalili yoyote. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limetoka, na mawimbi hayakuwa makubwa hata ya kumzuia mtoto. Alianguka kama alivyoanguka mara nyingi, ubao ukageuka ukampiga kichwani, na wenzake walipogundua kwamba hajaibuka, maji yalikuwa yameshamaliza kazi yake. Msasa aliitwa kutoka kibandani akiwa bado na vumbi jeupe kwenye nyusi. Yeye ndiye aliyembeba kumtoa majini, na yeye ndiye aliyeusindikiza mwili mpaka bara. Siku ya mazishi alisimama nyuma kabisa, penye uzio wa jirani, kama mtu aliyepita njia. Fundi alimwona kwa mbali, akanyanyua mkono.

"Wewe kijana, njoo huku mbele. Simama na watu wake."

Baada ya hapo fundi alirudi kwenye cherehani. Alishona sare za shule, alishona mapazia, alibana viuno vya watu waliokonda na kuachia vya walionenepa. Lakini jioni, saa ile ya simu, mguu ulikuwa unasimama wenyewe juu ya kanyagio. Binti alikuwa akimwambia kila mara, "Ukija, Mama, nitakutembeza pwani yote, kuanzia bandarini mpaka kwenye ncha ya mwisho. Kwa miguu. Mabegi nitabeba mimi." Naye alikuwa akimjibu kwamba miguu yake ni ya kanyagio, si ya matembezi. Sasa, miezi kadhaa baada ya kumzika, alimpigia Msasa.

"Ile njia aliyosema atanipitisha, wewe unaijua?"

"Naijua, Mama."

"Basi nakuja. Na usianze kunibembeleza nisije."

Wanawe wakubwa ndio waliombembeleza. Kaka mkubwa alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika kichwa. "Mama, unakwenda kutafuta nini kule? Kaburi liko hapa."

"Kaburi liko hapa, ndiyo," alisema fundi. "Lakini yeye alikuwa anaishi kule."

Kwenye boti alifumba macho mwanzo hadi mwisho, ameshika mkono wa shati la abiria asiyemjua. Msasa alimpokea bandarini. Alikuwa amekonda, shingo imebaki kama ya kuku aliyenyonyolewa, na fundi alimwambia hivyo hivyo kabla hata ya salamu. Kijana akacheka kidogo, akamchukulia begi.

Walianzia kibandani kwake. Kilikuwa chumba cha mabati chenye harufu kali ya gundi, mbao zimelazwa juu ya vigoda virefu kama wagonjwa, na sakafu imejaa unga mweupe unaonasa kwenye viatu. Ukutani, mbali na zile nyingine, ulikuwa umening'inizwa ubao mmoja wa njano wenye ufa karibu na ncha. Haukuwa umetengenezwa, wala haukuwa umetupwa.

"Ndio huu?" fundi aliuliza.

"Ndio huo."

Aliomba ateremshiwe. Akaushika kwa mikono miwili, akaunyanyua, akauweka kifuani, akaunyanyua tena kana kwamba anaupima.

"Mwepesi hivi?"

"Ni mwepesi, Mama. Ndani ni povu gumu tu."

"Kitu chepesi hivi," alisema, akamrudishia, akatoka nje.

Walianza safari kesho yake, maji yalipopwa na mchanga ukawa mgumu wa kukanyagika. Msasa alitangulia na mabegi mawili, fundi akafuata na viatu mkononi. Ufuo wa kwanza ulikuwa wa wageni, una vitanda vya jua na miavuli, na mawimbi yake yalikuwa mapole. Hapo ndipo binti alipoanguka mara ya kwanza, Msasa alisema, akatoka majini na mchanga mpaka ndani ya masikio, akaapa kwamba hatarudi tena. "Halafu?" "Halafu akarudi mchana ule ule." Ufuo wa pili ulikuwa wa mawe meusi. Kila wimbi liliporudi, mawe yalisagana chini yake, na fundi alisimama akisikiliza.

"Hii ndiyo aliyokuwa ananisikilizisha?"

"Hii. Ilikuwa sehemu yake ya simu."

Fundi akakaa chini. Walikaa pale mpaka kivuli chao kikahama.

Vijiji vya njiani vilimjua binti, na vilijua yaliyompata. Kabla hawajafika kwenye nyumba za mwanzo, tayari mtu ameshakimbia kutoa taarifa, na wanawake wanatoka wakijifunga kanga vizuri, nyuso zimeshaandaliwa. Pole, mama. Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa, mama. Walikuwa watu wema, walimpa maji ya kunywa na mahali pa kulala, wakamwonyesha miti aliyoegemea mwanawe na vizingiti alivyokalia. Lakini pole zile zilimlemea. "Hawa watu wananizikia mtoto upya kila tunapofika," alimwambia Msasa walipokuwa wakipanda kilima kimoja cha mchanga. "Nimezika bara mara moja. Huku nimeshazika sijui mara ngapi."

"Turudi, Mama?"

"Nimesema turudi? Nimesema nimechoka. Mtu akichoka anapumzika, harudi."

Ncha ya mwisho ya kisiwa haikuwa na barabara. Ili kufika ilibidi kuvuka mkono wa bahari wakati wa maji kupwa, nguo zimekunjwa juu ya magoti, tope linanyonya miguu. Simu nazo zilikoma kushika mtandao upande wa huku. Binti alikuwa akija kwenye kijiji kilichokuwa huko wakati wa likizo, peke yake, akikaa siku kadhaa. Msasa alikuwa amefika mara moja tu, kumsaidia kubeba mizigo. "Aliniambia ana shughuli na wanawake wa huku," alisema. "Akasema wananionea haya, nisije."

Walikuta wanawake wanatoka mwambani na vikapu vya chaza, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Mmoja wao, mama mnene mwenye kilemba cha kijani, alisimama ghafla. Akamtazama fundi, akamtazama Msasa, kisha akatupa kikapu.

"Jamani! Huyu si mama yake Mwalimu? Tazameni hayo mabega!"

Walimzunguka. Walimshika mikono kwa mikono yao yenye chumvi, wakamkumbatia mpaka gauni likalowa. Mama mwenye kilemba, ambaye wenzake walimwita Mama Pacha, alikuwa akichungulia nyuma yao, kwenye njia ya kuvukia.

"Na yeye yuko wapi? Amebaki nyuma? Huyo na kuchelewa! Mwambieni afanye haraka, maji yanarudi."

Fundi alielewa kabla Msasa hajaelewa. Aliona kijana akifungua mdomo, akamwahi.

"Hajaja," alisema. "Shule imembana. Nimetangulia mimi."

"Ametusahau!"

"Hajawasahau. Ndiyo maana nimekuja."

Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka bila kukwama. Wakamwongoza mpaka nyumbani kwa Mama Pacha, chumba cha sakafu ya saruji kilichofagiliwa mpaka kinang'aa, jiko la mafuta kwenye kona, vikapu vimeinamishwa mlangoni vikitiririka maji. Wakamkalisha kwenye mkeka, wakakaa kumzunguka, na wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Ndipo alipojua shughuli ya mwanawe. Wanawake wale walifanya kazi mwambani maisha yao yote na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Maji yana tabia ya kujaa kwa nyuma, kwenye mfereji ulio kati ya mwamba na ufuo, na aliyeshughulika na kuokota chaza anajikuta amezingirwa. Mdogo wake Mama Pacha alichukuliwa hivyo, wenzake wamesimama wanamwona, wanapiga kelele, hawana la kufanya. Binti alikisikia kisa hicho. Likizo iliyofuata alikuja, akawaita kwenye maji ya kina kifupi, wakaingia na nguo zao.

"Alitulaza chali kama samaki wa kuanikwa!" alisema mmoja.

"Mimi nilimwambia, Mwalimu, mwili huu hauelei, huu ni wa nchi kavu. Akaniambia, mama, wewe ndiye utakayeelea kuliko wote, una maboya yako mwenyewe."

"Na ile sauti yake! Legeza shingo! Legeza shingo, maji hayali watu waliolegea!"

Mama Pacha akainuka kuigiza, mikono kiunoni, kifua mbele, na fundi akamwona mwanawe katikati ya chumba. Akacheka. Lilimtoka cheko kubwa la tumboni, la kwanza tangu mazishi, na wenzake wakacheka kwa kumwona anacheka. Wakamuuliza habari. Anakula vizuri? Maana mara ya mwisho alikuwa mwembamba.

"Anakula," alisema fundi. "Tena siku hizi anakula mpaka namwambia apunguze."

Bado anapanda yale mawimbi ya wendawazimu?

"Nimemkataza. Unadhani anasikia?"

"Na harusi?" aliuliza Mama Pacha, akimkonyeza Msasa aliyekaa karibu na mlango. "Huyu bwana anangoja nini?"

"Inakuja," alisema fundi. "Gauni nalishona mwenyewe."

Msasa aliinuka akatoka. Wanawake walidhani ameona haya, wakamzomea kwa furaha. Fundi alisubiri kidogo, kisha akasema anakwenda kunyoosha miguu.

Alimkuta ufukweni, amechuchumaa, anachimba mchanga kwa vidole. Mawimbi yalikuwa yakivunjikia mbali, kwenye mwamba, na huku ndani maji yalikuwa shwari, ya kijani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakaa na mwanangu."

"Lakini, Mama..."

"Kote tulikopita amekufa. Nyumbani amekufa. Kibandani kwako amekufa. Hapa peke yake ndipo yuko hai, wananiuliza kama amekula. Niachie leo tu."

Msasa hakuinua kichwa. "Na mimi je?" alisema. "Leo umeniozesha mbele za watu. Kesho nitamzika tena. Mara ya kwanza nilimbeba kwa mikono hii. Sina nguvu za kumbeba mara ya pili, Mama."

Hilo fundi hakuwa amelifikiria. Alisimama pale muda mrefu, upepo unamvuta gauni, akimtazama kijana ambaye angekuwa mkwewe na ambaye sasa hakukuwa na jina la kumwita. Kisha akakaa chini kando yake, kwa shida, magoti yanalia.

"Basi asubuhi," alisema. "Nitasema mwenyewe. Wewe utakaa karibu yangu tu."

Asubuhi alichelewa. Alipotoka nje alikuta wanawake wameshaingia majini, wanamngojea. Walitaka aone, ili apeleke habari. Mmoja baada ya mwingine walilala chali juu ya maji, mikono wameitandaza, nguo zinaelea kando yao, nyuso zimeelekea angani. Walikuwa kimya kabisa. Mama Pacha akageuka kifudifudi, akaanza kupiga maji kwa nguvu nyingi na mwendo mdogo, akavuka mfereji mpaka kwenye jiwe la upande wa pili. Akalishika, akageuka, akapunga mkono.

"Mwambie nimefika kwenye jiwe!" alipaza sauti. "Mwambie peke yangu, bila kushikwa!"

Walitoka wakitiririka maji, wanacheka, wanasukumana, wakaja kumzunguka wasikie atasemaje. Msasa alikuwa nyuma ya bega lake.

"Mwalimu amefariki," alisema fundi. "Alikufa majini, kabla ya mvua. Nimemzika bara."

Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja aliketi palepale alipokuwa, juu ya mchanga uliolowa. Mama Pacha alibaki ameshika ncha ya kanga aliyokuwa akiikamua.

"Jana ulisema anakula."

"Nilisema."

"Tukakuuliza harusi."

"Mliniuliza."

Mama Pacha akamtazama, kisha akageuka akaondoka, akifuata ukingo wa maji bila kuangalia nyuma, mpaka akawa kitu kidogo cha kijani mbali. Waliobaki ndio walioanza kulia. Walilia vibaya, kama watu walioonewa, na mmoja aliuliza tena na tena, "Majini? Yeye? Majini?" Fundi alijikuta anawashika mmoja mmoja, anawafuta nyuso kwa upindo wa gauni lake, anawaambia pole. Maneno yale yale yaliyomchosha njia nzima sasa yalikuwa yanatoka kinywani mwake, na hakuwa na mengine.

Mama Pacha alirudi jua likiwa kali. Nguo zilikuwa zimemkaukia mwilini, chumvi imechora mistari. Aliwakuta wote nyumbani kwake, akaketi mkekani karibu na fundi.

"Mdogo wangu alipochukuliwa," alisema, "watu walikuja kunipa pole, nikawafukuza. Nikawaambia amekwenda kuokota chaza, atarudi maji yakipwa. Nilisema hivyo siku nyingi. Watoto wangu walidhani nimerukwa na akili."

"Ulikuwa umerukwa?"

"Hapana. Nilikuwa najua. Wewe jana ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua," alisema fundi, na hapo ndipo alipolia, mbele ya watu wote, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikumtoka.

Walikaa kijijini siku kadhaa. Kisha wakavuka tena tope, wakarudi kwa njia waliyoijia, na fundi akapanda boti. Safari hii hakufumba macho.

Kwa muda mrefu Msasa alimpigia simu kila wiki. Walizungumza habari za kibanda, za hali ya hewa, za magoti. Baadaye zikawa si kila wiki. Halafu zikakatika kabisa, na fundi hakuuliza. Ni Mama Pacha, ambaye siku hizi alikuwa ameanza kwenda bandarini kuuza chaza na kumpigia kila alipofika, aliyemnong'oneza kwamba kijana ameoa, na kwamba anaogopa kumwambia. Fundi alikaa na habari hiyo siku chache. Kisha, mchana mmoja, akampigia Msasa.

"Nasikia umeoa."

Kwa mbali alisikia mtu anasugua kitu, kisha akaacha.

"Mama, nilitaka kukwambia. Kila nikishika simu..."

"Ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Ni muuguzi."

"Anapanda mawimbi?"

"Hapana. Anaogopa maji."

"Vizuri," alisema fundi. "Vizuri sana." Akamtakia heri, tena kwa moyo wake wote, akamwambia amtunze mkewe na apunguze kuvuta vumbi la faiba. Kijana aliitikia kila neno. Mwishoni akauliza, kwa sauti ndogo, kama bado anaruhusiwa kumwita Mama.

"Sasa utaniita nani?" alisema fundi. "Shangazi?"

Alipokata simu alibaki amekaa. Mteja aliyefika kuchukua sketi yake alimkuta hivyo, mikono mapajani, kitambaa kimeteleza mpaka sakafuni.

"Fundi, unaumwa?"

"Siumwi. Keti, nakumalizia sasa hivi."

Akaokota kitambaa, akavaa miwani, akalamba ncha ya uzi. Lakini uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Akajaribu tena, na tena. Mteja akainuka taratibu, akamchukua uzi mkononi, akautia yeye, akarudi kukaa.